Kikombe Kilichompita Baba Njeri

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wazima, asifiwe na sisi tulioharibika!

Mimi ni Mama Njeri wa hapa Shauri Moyo, yule mnayemwona akiuza matumbo karibu na Soko la Burma. Shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo nikikosea maneno mnisamehe. Mambo yenyewe sitayakosea. Nimeyabeba tangu Njeri akiwa mgongoni, na sasa Njeri ni msichana wa kuolewa.

Nimesimama kurekebisha ushuhuda wa mume wangu, alioutoa hapa hapa mbele. Wengi wenu mlikuwapo. Mlipiga makofi mkaimba. Ndugu zangu, ushuhuda ule ulikuwa wa uongo! Na ninyi ndio mliouomba, na mimi ndiye niliyemsukuma autoe.

Baba Njeri alikuwa askari. Alipigana kule kaskazini wakati wa vita vya mashifta, akarudi mzima, bila hata alama. Ndipo wakamweka kambini hapa Nairobi, kazi ya dawa. Dawa ya kuua mbu, kupe na kunguni. Alikuwa anaikoroga kwenye pipa kwa kijiti, anajaza pampu, anaibeba mgongoni, anapuliza mahema, mablanketi na malori. Glavu hakuna. Kitambaa cha pua hakuna. Alipoomba glavu, mkubwa wake, Sajenti Simoni, alimcheka mbele ya wenzake: "Wewe umeponea risasi za shifta, sasa unaogopa maji ya kunguni?" Wote wakacheka, na Baba Njeri akacheka pia. Angefanya nini?

Kila Jumamosi alileta ovaroli zake nyumbani. Mimi nilikuwa najivunia kamba yangu ya nguo, ploti nzima hakuna aliyefua kunishinda. Nilizisugua kwenye karai mpaka ngozi ya vidole ikabambuka. Nikasema ni sabuni mbaya. Na karai hilo hilo, ee Mungu wangu, ndilo nililomwogeshea Njeri.

Halafu mume wangu akaanza kutetemeka. Akawa anatoka jasho asubuhi ya baridi, mate yanamjaa mdomoni, miguu inakwenda upande. Na alinuka kitu kikali kama mafuta ya taa. Akishuka kwenye basi, watoto wa mtaa walimfuata nyuma wakipiga gwaride: "Askari amekunywa! Kushoto, kulia! Kushoto, kulia!" Naye hakuwahi kuonja pombe, tangu aokoke kabla hajanioa.

Mimi nilijua hanywi. Lakini kujua na kusema ni vitu viwili.

Siku ya Meza ya Bwana, Mzee Ezekieli alikuwa anapitisha sahani ya vikombe. Ndiyo, nakutaja, Mzee, na uko hapo mbele. Baba Njeri alinyoosha mkono, mkono unacheza. Ukainua sahani juu ya kichwa chake, ukampa aliyekaa baada yake. Kanisa zima lilielewa.

Ukaja kwetu, ukanywa chai yangu, ukasema: "Atubu hadharani, na nitamwalika mkubwa wake aje asikie. Atarudishwa mezani, na kazi yake itapona." Ulidhani unatusaidia. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba ulidhani unatusaidia.

Baba Njeri aliniuliza, "Nitubu nini, mama, na sijakunywa?"

Nikamwambia, "Wewe tubu tu yaishe. Nimechoka kuchekwa kwenye mfereji nikichota maji."

Yaishe! Hilo ndilo neno nililompa mtu mgonjwa.

Basi akasimama. Akasema alikuwa mlevi na Yesu amemwokoa. Akatetemeka mpaka meza ikagonga, na mtu mmoja akapaza sauti, "Roho anamshukia!" Haleluya juu ya haleluya! Sajenti Simoni alikuwa ameketi kiti cha wageni, na yunifomu yake na soda mkononi. Akapiga makofi kuliko wote. Siku ile mume wangu alipewa kikombe. Ilikuwa mara ya mwisho.

Maana kutetemeka hakukwisha, ndugu zangu! Kungekwishaje? Alikwenda hospitali ya kambi. Daktari wa pale, jina lake silijui, ningelijua ningelisema, hakumgusa hata. Alimwita Sajenti. Na Sajenti akamwambia, "Si ulisema mwenyewe kanisani kwamba unakunywa? Sasa ulimdanganya Mungu, ama unanidanganya mimi?"

Jibu tulikuwa tumemnyang'anya Baba Njeri sisi wenyewe.

Wakamwachisha kazi. Wakasema ugonjwa wa kujitakia jeshi halitibu, wala wa mke wala wa mtoto. Na hapa kanisani mkasema, "Masikini, ameirudia pombe." Wakati huo mimi mimba yangu ilikuwa imetoka. Kuna mama alininong'oneza kwamba ni dhambi ya baba. Huyo simtaji, amekwisha kufa.

Alirudi nyumbani na furushi la ovaroli zote, hata ile aliyovaa siku ya mwisho, imelowa dawa. Kesho yake nikaziloweka, ili azivae akitafuta kibarua kule viwandani Baba Dogo. Nilifua ya kwanza, nikafua ya pili. Macho yakaanza kutoa maji. Kifua kikabana. Mwili ukawa unarukaruka wenyewe, nikaanguka na mikono imo ndani ya karai.

Aliyeniokota ni Mama Halima, jirani yangu Mwislamu, mlango wa pili. Alinipakia kwenye mkokoteni wa kuuza maji, akawa anasukuma pamoja na mwenye mkokoteni huku anamtukana kwa sababu haendi haraka. Tulipofika hospitali ya serikali, daktari kijana aliniangalia akamuuliza, "Huyu mama amekunywa nini?"

Mama Halima alimpigia kelele wodi nzima ikasikia: "Amekunywa nini! Daktari, mimi nimekaa na hawa watu ukuta kwa ukuta. Huyu akikohoa nasikia, mumewe akilia nasikia. Kungekuwa na tone la pombe mle ndani, mimi ningekuwa nimeshautangazia mtaa mzima!"

Daktari alicheka. Halafu akaacha kucheka. Akanimulika macho, akanusa mikono ya nguo yangu, akauliza, "Mama, ulikuwa unafua nini?"

Bwana asifiwe! Neno hilo moja ndilo wokovu wangu. Hakuna mtu aliyekuwa ameuliza. Nikadungwa sindano, na nyingine, na nyingine, mpaka kifua kikafunguka. Daktari akasema ni sumu, inaingia kwa ngozi, na nguo zile zisiguswe tena. Akamwita Baba Njeri, akampima, akamwambia, "Mzee, wewe hukuwa mlevi. Ulikuwa unatiwa sumu." Mume wangu akalia kama mtoto. Hakulilia ugonjwa. Alilia kwa sababu ameaminiwa.

Mimi nilipona, namshukuru Mungu, ila vidole viwili havisikii moto. Yeye alikuwa amechelewa. Daktari alisema angefika wakati dalili zinaanza, mikono ingepona. Na wakati dalili zinaanza, sisi tulikuwa tunamfundisha kutubu.

Tulirudi kambini na maneno ya daktari. Wakatuambia Sajenti Simoni amestaafu amekwenda shambani kwake, na kwamba mambo hayo yamekwisha. Mpaka leo tunapanga foleni hospitali ya serikali. Huyo ndiye mtu aliyepigania nchi hii.

Mtaniuliza kwa nini nimenyamaza. Yeye ndiye aliyenikataza. Alisema, "Wakijua nilishuhudia uongo, nitakuwa mlevi na mwongo pia." Lakini juzi aliniambia, "Mama Njeri, nenda ukaseme. Nataka kikombe."

Ndugu zangu, sijasamehe yote. Naomba, na Mungu ananivuta, lakini bado kuna kipande. Hata hivyo namsifu, kwa sababu tulipofungiwa milango hii alituma mama asiyesali hapa. Mwaminini Mungu huyo! Haachi mtu kwenye karai. Na mtu akiwaambia anaumwa, mwaminini naye.

Leo ni Meza ya Bwana. Baba Njeri ameketi kiti cha nyuma, amekalia mikono yake ili msiione. Mzee Ezekieli, sahani bado unaibeba wewe. Ukifika kwake, simama. Mngoje aitoe mikono. Atatetemeka, na divai itamwagika. Iache imwagike, Mzee.

Shati nitalifua mimi.