Kanzu ya Mfalme Mdogo

Mwaka ule serikali ilipoanza kuandikisha mashamba, mbele ya duka la Kassamali pale Bagamoyo palikuwa na benchi moja, mdila mmoja wa kahawa na ndimi tatu. Mbaruku aliitwa Kadhi, maana alihukumu kila jambo na hakuwahi kumaliza juzuu. Msabaha aliitwa Gazeti, na sababu haiulizwi. Mwinyijuma, fundi kanzu, aliitwa Mkasi kwa ukali wake. Huyu alijua jambo moja kwa yakini: cha mtu ni cha mtu. Na shamba la minazi lililomlisha yeye, baba yake na mababu zake lilikuwa la mtu. Lilikuwa la mfalme wa miaka saba, wa mji wa mawe ulioanguka kabla Mreno hajafika, ukabaki gofu. Mtoto aliachwa yatima, na babu wa mababu wa kina Mwinyijuma akashika utawala, awe wakili wake mpaka abaleghe. Mji ukafa, uwakili ukarithiwa. Kwamba mfalme amekufa, hakuna aliyesema. Kwa hiyo kila Idi wakili huacha gofuni kanzu mpya ya kitoto, na kuiondoa ya mwaka uliopita.

Asubuhi moja baada ya Idi, Mwinyijuma aliitandaza ile ya zamani magotini. Upindo wake ulikuwa umefumuliwa.

— Panya, alisema Kadhi.

— Panya hafumui uzi mmoja mmoja. Huu kafumua mtu anayetaka nguo iongezeke urefu.

— Basi mbuzi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Methali hiyo na mbuzi wapi na wapi?

— Inaingia. Wewe shona tu.

Gazeti akaweka kikombe chini.

— Mimi nimesikia huyo mfalme anakua. Upana wa kidole kimoja kwa kila wakili anayekufa. Haba na haba hujaza kibaba.

— Umesikia kwa nani?

— Kwa watu.

— Watu hawana uso, bwana. Nani?

— Mwanvita, yule mwokota kuni. Kaona nyayo pale gofuni, kama za mtoto wa madrasa. Zinatoka kuja huku mjini. Za kurudi hazipo.

Kadhi alicheka, kisha akaacha.

— Nitawaambia mimi. Huyo hakukataa kukua, kazuiwa. Wakili gani anaomba mtoto abaleghe? Miaka mia ngapi mnamshonea kijikanzu kilekile? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Walingoja Mkasi awake. Hakuwaka, na hilo liliwatisha zaidi.

— Nakata kwa uzi wa kipimo alioniachia baba, alisema polepole. Naye aliachiwa na babake. Uzi uleule.

Hapo akatokea mtu mgeni, karani aliyetoka Chalinze, daftari kwapani.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

— Natafuta mwenye lile shamba la minazi kando ya gofu.

— Ni la mfalme, alijibu Mwinyijuma. Mimi wakili. Tumelishika kwa jina lake, mkono kwa mkono, hatukudhulumu hata kifuu.

— Vyema sana. Jina lake nani?

Kadhi akaangalia kahawa yake. Gazeti, kwa mara ya kwanza, hakuwa amesikia kitu. Mwinyijuma alimtafuta baba yake kichwani, akamtafuta na babu. Wote walikuwa wameapa kwa jina la mfalme, na hakuna hata mmoja aliyelitaja.

— Mzee, nisipoandika jina, shamba litaandikwa halina mwenyewe. Niandike lako?

— Asiyekuwapo na lake halipo, Kadhi alimnong'oneza. Sema ndiyo, Mkasi. Nani atakudai?

Minazi mia mbili. Mabinti wawili wa kuoza. Neno moja tu. Mwinyijuma akafungua kinywa.

Ndipo ile kanzu ikavutwa magotini pake, kwa chini, taratibu, kama mtoto avutavyo nguo ya mtu mzima apate kusikilizwa. Upepo haukuwapo. Kadhi aliona, akapandisha miguu yote miwili juu ya benchi.

— Weka kalamu kwanza, karani, alisema Mwinyijuma. Anataka kulitaja jina lake mwenyewe.