Papa, uko?

Muntu akikuya kukuelezea maneno ya mesaji ya Tata Anaclet, muulize kwanza: weye ulikuwa wapi? Ju tangu jana, mu Makomeno yote, kila muntu anasema alikuwako. Hata kuku ya ba jirani inasema ilikuwako. Ni bongo. Miye ndiye nilikuwako, na macho yangu hii mbili, karibu sana mpaka moshi ya kawa ya muzee ilikuwa inaingia mu pua yangu mbele ya kuingia mu yake. Jana asubui, pale ku kona ya Mama Honorine, tulikuwa bantu tano tu na beseni moya ya mikate. Kawa ya Mama Honorine ni ya tangawizi, iko na nguvu ya kuamusha maiti. Kuko muntu alikunywaka vikombe mbili, akaenda na miguu mpaka Likasi, akashituka akishafika. Tunaikaliaka traverse, muti wa zamani wa chini ya reli ya chemin de fer, yenye baliweka juu ya matofali. Ule muti ulibebaka treni miaka makumi tano bila kulalamika. Lakini jana ulikuwa unalia, ju Tata Anaclet alikuwa anatetema juu yake.

Tata Anaclet ni fundi wa kushona. Tunamuitaka Chef de Gare, hata kama hakuongozaka gare ya treni hata siku moya. Ni baba yake ndiye alitumikaka ku chemin de fer, yeye aliriti kofia tu. Alifika na telefone mu mikono yote mbili, kama muntu anabeba sahani ya supu ya kujaa. Akaiweka katikati ya traverse. Guelor, kijana wa ba telefone, akainama, akasoma kwa sauti:

— «Papa, uko?»

Ni ile tu. Iliingia saa kumi na mbili ya asubui, ilitoka kwa Laurentine, mutoto yake mwanamuke, mwenye anaishi Pweto. SMS ya kawaida, ya zamani, bila picha, bila sauti.

Sasa weye utasema: SMS moya inaweza kutetemesha muzee namna gani? Unasahau tuko mu wakati gani. Leo nani anaandikaka SMS? Ni kampuni ya telefone tu, «cher client», na ile dame mwenye anakuambia umeshinda moto-kari. Batoto ya leo banatumaka audio ya dakika makumi mbili, unasikia mutoto, unasikia jogoo, unasikia sufuria inachemuka. SMS mu telefone siku hizi ni kama muntu mwenye kuvaa koti nyeusi ku mulango: unajua hakukuya kucheza.

Na kwa Tata Anaclet kulikuwa na ingine. Mu kamp ya ba chemin de fer, kwenye alikomalia, maneno ya mufupi yenye kuandikwa ilikuwa telegrame. Na telegrame, muntu hakuifunguaka peke yake. Balikuwa banaiweka pa meza, banaita ba jirani, banakaa bote. Ule mwenye alifungua peke yake, balisema kifo itamuzoea. Na jibu haikuendaka kabla ya bakubwa kusikilizana. Basi muzee alifanya vile baba yake alimufundisha: alileta telegrame pa meza. Meza ilikuwa shiye.

Guelor ndiye alianza, ju anajiona profesere. Tunamuita Antenne; anauzishaka unité ya kupigia simu na kutengeneza ba telefone chini ya parasoli yake, pale pale pembeni. Alipiga namba ya Laurentine mara tatu. Mara tatu ni ile mwanamuke wa rezo ndiye alijibu, na Kifaransa yake ya polepole. Akarudisha telefone chini kama daktari anafunika mugonjwa.

— Tata, nikuambie kama mutoto yako. Hapana Laurentine ndiye aliandika. Ni telefone yake ndiyo iliandika. Ni bintu mbili.

Akaeleza kama kuko ba mwizi benye banaibaka telefone, kisha banauliza kila baba mwenye iko ndani: uko? Ule mwenye anajibu, amekwisha. Kulikuwa papa mumoya ku komini ya Kenya, alijibu «niko», ile mangaribi telefone yake ikaanza kusema Kichina, na televizyo ikaifuata. Mama Honorine akamuambia akunywe kawa yake anyamaze. Guelor akasema yeye hatishe muntu, lakini asiyesikia la mukubwa huvunjika guu. Na yeye ndiye mudogo kupita shiye bote.

Mbusa alikuwa bado hajasema. Huyu ni muntu wa Butembo, wa maduka ya jumla na ba kamyo; tunamuita Fuso, kama gari zake. Dereva yake Kasereka anapandaka Pweto kila juma kuchukua samaki ya kukauka. Akamupigia. Na yeye, rezo hakuna. Mbusa akaweka kikombe chini polepole. Ni muntu wa kuomba Mungu, hasemake maneno ya bure, na ndiyo ilifanya maneno yake ikuwe mubaya kupita ya Antenne.

— Mzee, mimi sitakuficha. Dereva yangu akiangusha gari, hanipigiake. Ananiandikia. Sauti inalia, lakini vidole havilii.

Mbusa akaona kama amechoma, akatafuta dawa, akasema wakubwa wa kwao walisemaka kidole kimoja hakivunje chawa. Chawa iliingilia wapi, mpaka leo sijue. Lakini tulikubali na vichwa, ju methali ya bantu ya Butembo inaogopesha hata kama haujaielewa.

Ile maneno ya vidole ndiyo ilimupata Tata Anaclet. Ju alikuwa na siri yenye hakuweka pa meza.

Noël yenye ilipita, Laurentine aliondoka na Merdi, kijana wa samaki wa Pweto, mbele ba ndugu ya Merdi balete hata barua ya kujionyesha kwa bazazi. Muzee alisikia haya mpaka ku mifupa. Ule mutoto, kila asubui tangu anunue telefone, alikuwa anamutumia audio: anaimba kipande ya wimbo wa misa, anacheka, anamukumbusha kukunywa dawa ya tension. Kufika Pweto akapiga simu, analia. Na baba yake alimujibu neno moya tu, kisha akakata: «Sauti yako isiingie tena mu masikio yangu.» Miezi nane. Audio haikuingia tena hata moya. Mutoto alitii.

Basi wakati shiye tulikuwa tunachunguza ju ya nini aliandika na hakusema, muzee alijua. Ni yeye ndiye alifunga ile mulango. Kile hakujua ni ju ya nini leo. Na ba mama ba samaki balishaleta habari kama tumbo ya Laurentine iko kubwa, iko pa kushuka. Na mama yake Laurentine, bibi ya Tata Anaclet, alikufia mu kuzaa. Hesabu ile, muzee alikuwa anaifanya peke yake mu kichwa, saa yote ile, mbele ya macho yetu, na shiye tunamutilia sukari mu kikombe.

Mama Honorine akataka kumutuliza. Unajua vile anatulizaka. Akasema pengine hii mesaji hata hapana ya leo. Ku kanisa yake kuko dada Gaëlle, alipata mesaji ya «bonne fête» kwa rafiki yake, siku balikuwa banatoka ku makaburi kumuzika ule ule rafiki. Mesaji ilikawia tu mu njia. Antenne hapo akapata moto. Akasema ile ni kweli, na ku Pweto ni mubaya zaidi ju ya ziwa: pylone ya rezo ikilala, mesaji inaanguka mu maji, inavuka ngambo mpaka Zambia, bazambia banaisoma, banaikalisha ku duane ya mupaka, ikirudi inakuya na lafuzi ya Kibemba. Kuko zenye zilikaa kule mpaka zikapata makaratasi ya kukaa.

Tata Anaclet akauliza, sauti chini kabisa:

— Donc anaweza kuwa aliniuliza tangu muezi wa kwanza?

— Inaweza, Antenne akasema.

— Na miaka yote ile ananingoja?

— Miezi, tata. Miezi.

Muzee akapeleka kikombe ku kinywa, akakosa kinywa. Kawa ikashuka ku shati yenye alishona mwenyewe. Hakuipangusa.

Sasa tukaogopa bote, na bantu ya Makomeno bakiogopa banaunda komite. Mbusa akasema kuko Fuso ya kuondoka kesho, itabeba muzee. Mama Honorine akasema kwanza kufunga siku tatu, ju barabara bila maombi ni shimo. Antenne akasema delegasyon haiende bila muntu wa tekinike, na muntu wa tekinike anakaa ku kabini pembeni ya dereva, ju mugongo inamuuma. Mbusa akamuuliza ni mugongo gani, yenye anabeba parasoli? Miye mwenyewe nilijitolea kuwa musemaji, ju Pweto bananijua. Kuko chifu wa kule, tukisalimiana, samaki inatoka mu maji kuangalia. Tukaanza kugombana nani atakaa wapi. Saa ine ikatukuta pale. Ile mesaji ilikuwa na masaa ine mu telefone, na giza ikaingia ku ekran, na kila mara ikizima muzee alikuwa anaigusa na kidole ili isilale.

Ndipo Virginie alifika. Huyu ni mama mwenye alihama juma yenye ilipita, kutoka Ruashi. Hakuna mwenye alimujua vizuri. Alikuwa na mutoto ku mugongo na termos mu mukono, alikuya kununua kawa ya ba maso yake benye banajenga ukuta. Akasimama, akangoja tumalize kugawanya Fuso. Akaona telefone, akaona shati ya muzee. Akauliza kuko nini. Tukamuelezea bote pamoya: mwizi, dereva, maiti, Zambia. Akainama akasoma. Haikumukamata wakati, ni maneno mbili.

— Tata, pardon. Na ulimujibu nini?

Mbusa akaanza kutafuta funguo mu mifuko, na funguo ilikuwa mu mukono yake. Mama Honorine akafunika mikate yenye ilishafunikwa. Antenne akakohoa, akasema tulikuwa bado ku uchunguzi.

— Tunangoja kwanza tusikilizane, Tata Anaclet akasema.

Virginie akatikisa mutoto ku mugongo, ju alianza kulia. Hakusema na hasira. Alisema vile muntu anaulizaka njia.

— Mutoto anakuuliza kama uko. Uko, ao hauko?

Miye nilisoma mpaka karibu na diplome, ilibakia miaka tatu tu. Mbusa anajua hesabu ya soko ya Butembo mu kichwa. Antenne anasema anaweza kufungua telefone ya jenerali. Lakini ile ulizo, ya mutoto wa maternelle, tuliiangalia vile unaangaliaka nyoka ndani ya kiatu. Hakuna mwenye aliweka mukono.

Tata Anaclet akachukua telefone. Kidole yake ya gumba ni ya fundi, nene, iko na alama ya sindano. Akaandika, akafuta. Akaandika tena. Antenne akanyoosha mukono kumusaidia, Mama Honorine akamupiga na kijiko. Dakika kumi, bantu sita bamesimama juu ya kidole moya. Kisha akageuza ekran tuone, kama mu kamp, ili jibu isitoke bila bakubwa kuiona:

«Niko. Piga, nisikie sauti yako.»

Mbusa alivua kofia. Muzee akabonyeza.

Na hapo sasa, sikiliza, haikupita hata dakika. Telefone ikalia mpaka vikombe vikaruka. Muzee akaweka ku sikio, na shiye bote tukasikia, mpaka ba jirani ku avenue ya pili bakasikia: sauti ya Laurentine, «Papa», na nyuma yake mutoto mudogo analia, ule kilio wa siku ya kwanza, wa nguvu. Mama Honorine akagawa mikate bure. Mbusa akaimba zaburi tatu. Antenne akalia akasema ni vumbi.

Bon.

Pale ku telefone kulia, munisamehe. Ile nilitia miye. Tangu jana nimeelezea hii maneno ku Kenya, nimeielezea ku Ruashi, na kila mara bantu banakatala kuinuka kama haijalia. Banakuangalia na macho ingine. Basi nikaanza kuiliza.

Ingine yote ni kweli, hata samaki. Alijibu, nilimuona. Kisha kawa ikaisha. Mama Honorine aligeuza birika juu chini, Virginie akaenda na termos yake tupu, Mbusa akaenda kupakia gari, na Antenne akarudi chini ya parasoli, akawa anaangalia rezo mu telefone yake kila dakika. Leo asubui nilipita pale tena. Tata Anaclet iko ku traverse, na shati ile ile, telefone juu ya goti. Nikamusalimia. Akainua mukono, ninyamaze, asikie.

Telefone ilikuwa haijalia bado.