Wasifu wa Kaka Yangu, Mtunza Majalada wa Hospitali

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1953, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa fundi saa na mshonaji wa sare za shule. Wa pili ni mimi ninayewasomea. Alimwachia wifi yangu agizo kwamba wasifu wake niusome mimi, si mtu mwingine. Najua wengi mmeshangaa, maana mnajua tulivyokuwa. Hata mimi nilishangaa. Nilisema moyoni, huyu naye, mpaka anakufa bado ananipangia kazi!

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1961 hadi 1967, na sekondari 1968 hadi 1971. Hesabu zilimpiga chenga, lakini mwandiko wake ulikuwa safi, hivyo mwalimu akampa daftari la mahudhurio. Siku moja alichelewa dakika kumi, akajiandika mwenyewe kuwa hakuwepo. Baba aliitwa shuleni. Njiani kurudi alimwuliza, "Mwanangu, wewe una akili timamu kweli?" Mwaka 1974 alipata cheti cha utunzaji wa kumbukumbu.

Jumatatu, tarehe 3 Februari 1975, aliajiriwa masjala ya hospitali, chumba cha chini nyuma ya chumba cha kufulia, chenye joto na harufu ya sabuni mwaka mzima. Mwaka 1989 akawa mkuu wa masjala. Kazi yake kubwa ilikuwa ratiba ya majalada, yaani orodha inayosema kila aina ya jalada litunzwe miaka mingapi kabla ya kuchomwa. Kubadilisha mstari mmoja tu wa ratiba hiyo kulikuwa na utaratibu wake. Aliandika rasimu, akaipeleka kila idara, akangoja siku thelathini kama kuna mwenye pingamizi. Mkurugenzi akimharakisha, alimjibu, "Ngoja kwanza, mkuu. Karatasi ikishaungua haina rufaa." Ndipo wenzake wakambandika jina la Bwana Ngoja Kwanza.

Tarehe 20 Desemba 1980 alimwoa wifi yangu, mfamasia wa hospitali hiyohiyo, wakajaliwa watoto watatu. Nyumbani nako alibandika ratiba kwenye kabati la jikoni: ripoti za shule, mpaka mtoto amalize masomo, hati ya dhamana ya pasi ya umeme, mwaka mmoja, barua za uchumba, daima. Wifi akaongeza kwa kalamu: soksi zilizotoboka, siku moja. Marehemu aliisoma bila kucheka, akauliza, "Mama watoto, mabadiliko haya yameidhinishwa na nani?" Soksi zilitupwa siku ileile.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nyote mnalijua nusu. Mwaka 2006 makabati yalijaa, ikaamuliwa miaka ya kutunza majalada ipunguzwe. Rasimu aliiandika yeye, na ilikuwa na kosa. Majalada ya mafunzo ya vitendo ya wauguzi, ambayo yalipaswa kukaa miaka arobaini, aliyaweka kundi moja na fomu za likizo, miaka mitano. Siku thelathini zikapita, hakuna aliyepinga. Tarehe 17 Novemba yalichomwa majalada sitini na matatu, langu likiwemo, maana nami nilikuwa muuguzi hospitali hiyohiyo. Mwaka uliofuata tukatakiwa kuthibitisha mafunzo yetu ili tupandishwe daraja, nami sikuwa na hata kipande cha karatasi. Nilirudia mafunzo miezi kumi na minane nikiwa na miaka arobaini na saba, nikifundishwa kutandika vitanda na mabinti wa umri wa mwanangu. Nilimwambia kaka, mbele ya watoto wake, kwamba amenizika nikiwa hai. Tangu hapo sikukanyaga kwake miaka kumi na sita.

Kamati ya nidhamu ya hospitali ilimvua ukuu wa masjala kwa kosa hilo. Alirudi dirishani kupokea barua hadi alipostaafu mwaka 2013. Jumamosi zake alizimaliza akiwatafuta walimu wa zamani na kupekua daftari za zamu, na wauguzi arobaini na mmoja walipata uthibitisho kwa jasho lake. Kwangu alikuja mara tatu. Sikumfungulia mlango.

Januari 2023 figo zilianza kumsumbua. Wifi alinipigia simu. "Wifi, njoo. Muuguzi wetu ni wewe." Nilikwenda. Nilimwogesha, nikampa dawa kwa saa zake, tukaongea habari za mvua na za mpira. Ya mwaka 2006 hatukuyagusa. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Juzi Alhamisi nilikwenda masjala kutafuta tarehe sahihi za kuwasomea. Mkuu wa sasa, binti aliyefundishwa na marehemu, alinitolea jalada la mabadiliko ya ratiba. "Haya hayachomwi kamwe, shangazi," akasema. "Ndivyo alivyotuachia." Nililifungua. Karatasi ya kumi na nne ni jibu la idara ya wauguzi, la tarehe 12 Septemba 2006: "Tumesoma rasimu. Hatuna pingamizi." Saini ni yangu. Mwezi ule nilikuwa nakaimu umetroni, yaani ukuu wa wauguzi. Sikuisoma, jamani. Niliitia saini nimesimama, juu ya rundo la karatasi nyingine, na mstari wa majalada yetu ulikuwa palepale ukurasa wa kwanza.

Pembeni kuna herufi za jina lake, alama kwamba aliipokea mwenyewe, kwa hiyo alijua. Kamati ilipomwuliza kama wauguzi waliulizwa, kumbukumbu za kikao zinasema alijibu, "Rasimu niliandika mimi. Kosa ni langu." Hakuichomoa karatasi ile wala hakuificha. Iliachwa mahali pake, mtu yeyote aione, na katika miaka yote niliyomtukana hakunitajia hata siku moja.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na mdogo mmoja wa kike ambaye anasema leo mbele yenu, na wauguzi wenzangu mliopo mnisikie: kosa lilikuwa letu wawili, akalibeba peke yake. Kaka, nilikuonea. Nisamehe.

Upumzike sasa, kaka yangu, kwa amani.