Mama Kuvu na Ratiba Isiyo na Chakula cha Mchana

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, Ndugu Mkuu wa Kitivo cha Sayansi, ambaye leo ametabasamu na tumepiga picha haraka ili tuwe na ushahidi, wahadhiri wenzangu, mafundi wa maabara, wanafunzi mliokaa karibu na mlango kwa sababu mnazozijua wenyewe, shemeji yetu, mume wa mstaafu, pamoja na watoto na wajukuu, na wewe mwenyewe Mama Kuvu, uliyekatazwa kusema lolote mpaka nimalize: habari za mchana.

Kabla sijaingia kwenye hotuba, nimeagizwa na Idara ya Biolojia nitoe tangazo zito. Walioshika vikombe naomba waviweke mezani. Wenye presha washikwe mkono.

Ndugu zangu, tangu muhula huu ulipoanza, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Biolojia anakula chakula cha mchana. Anakula ameketi. Inasemekana wengine hata wanatafuna.

Mnacheka. Chekeni tu. Mngejua mlo huo umetugharimu nini, mngelia na kuomba leso kwa jirani. Watu wazima waliosomea mambo ya uhai hadi vipara vikatoka waliketi vikao visivyohesabika kupanga masomo ya shahada moja, na ni mtu mmoja tu kati yao aliyekumbuka kwamba mwanafunzi naye ni kiumbe hai. Mtu huyo ndiye tunayemuaga leo.

Kwa wageni ambao hawatujui: mama huyu amefundisha kuvu, yaani uyoga, hamira, ukungu wa mkate na ukoo wao wote, tangu mimi nikiwa na nywele. Wanafunzi wakamwita Mama Kuvu, naye akaitika. Ukimpigia simu ofisini ukamtaja kwa jina la kwenye cheti, anakwambia umekosea namba. Mimi nafundisha wadudu, na wanafunzi hao hao wameniita Bwana Mende. Mimi sikuitika, lakini hakuna aliyejali.

Sasa, shahada yetu ilikuwa imenenepa kama mimi: kidogo kidogo, kwa raha, bila mtu wa kuniambia. Kila mhadhiri aliyeajiriwa alikuja na kozi yake kwapani, na hakuna aliyestaafu akaondoka na yake. Ndipo Mkuu wa Kitivo, wakati huo bila tabasamu, akamwita mama ofisini pamoja na sisi wachache, akasema: "Mkapunguze. Mwanafunzi hawezi kuyamaliza haya kwa miaka mitatu hata akihamia maabara na godoro. Na kozi yoyote ambayo mwakani haitakuwa na mwalimu, ifutwe."

Sentensi ile ya mwisho sisi wengine ilitupita kama upepo. Mama Kuvu haikumpita. Katika idara nzima aliyeijua kuvu ni yeye peke yake, na mwakani angekuwa nyumbani anamwagilia maua. Maana yake nini? Maana yake siku akikabidhi funguo za ofisi, kuvu nayo ingetoka chuoni kupitia mlango ule ule, na vizazi vya wanabiolojia vingehitimu bila kujua kwa nini gogo lililoanguka msituni halibaki pale milele. Alilijua hilo. Alifunga mkoba, akatuita kikaoni.

Kikao! Nani aliyewahi kuona kikao cha kupunguza ambacho kila mjumbe amekuja kuongeza? Mwenzetu wa mimea, tunayemwita Mzee Mizizi, alianza kabla hajakaa vizuri.

"Mmea ndio mwanzo wa yote. Bila mmea mngekula nini ninyi?"

"Na bila mdudu," nikamjibu, "maua ya mmea wako yangechavushwa na nani? Na wewe na kimswaki?"

"Afadhali kimswaki. Kimswaki hakipigi kelele kikaoni."

Pale pembeni alikuwapo Dada Takwimu, mhadhiri kijana anayefundisha wanabiolojia hesabu, kazi ambayo ni sawa na kumwogesha paka. Akainua mkono. "Kaka zangu, naomba vipindi viwili tu mwaka wa kwanza. Wakifika kwenye jenetiki bila takwimu, wanaona giza."

"Subiri kidogo, mdogo wangu," tukamwambia kwa pamoja, mimi na Mizizi. Lilikuwa jambo pekee tulilokubaliana siku hiyo.

Basi tukapata ratiba. Ilikuwa ratiba ya ajabu. Jenetiki tuliiweka mwaka wa pili, na takwimu za kuielewa jenetiki tukaziweka mwaka wa tatu, kama mtu anayefundishwa kuogelea baada ya kuopolewa. Seli ilifundishwa kwenye mimea, ikafundishwa kwenye wanyama, ikarudiwa kwenye vijidudu, na kwa kuwa mgeni njoo mwenyeji apone, ikakaribishwa tena kwenye jenetiki. Na saa ya mchana, ile ambayo binadamu wote hula, Mzee Mizizi aliikuta imeshikwa na mafunzo yake ya maabara, akaiacha humo humo.

Mama Kuvu akaiangalia karatasi ile mbele na nyuma. Akasema, "Ratiba nzuri sana. Nimeipenda. Wiki ijayo tuisome."

"Tuisome tena?" Mizizi akashangaa. "Si ndiyo tumeimaliza kuisoma?"

"Mmeisoma kwa macho, kaka yangu. Sasa tutaisoma kwa makalio."

Nanukuu tu, Mheshimiwa Makamu. Maneno si yangu.

Kwa kuwa ratiba yetu mpya ilikuwa ile ya zamani iliyobadilishwa majina ya kozi, kuijaribu haikuwa kazi. Tulikwenda tu kukaa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wiki nzima. Mimi nilipata kiti katikati ya ukumbi wa mihadhara, vile viti vyenye kimeza cha kukunja. Kimeza kikakunjuka mpaka kikafika tumboni kwangu, kikasimama hapo kama mlinzi asiyeonyeshwa kitambulisho. Msichana aliyekaa jirani akaniangalia kwa huruma.

"Baba, umerudia mwaka mara ngapi?"

"Mara ya kwanza," nikasema.

"Usijali. Hii seli ukiikosa sasa utaipata saa nne. Ukiikosa saa nne, ipo mchana. Wewe lala, akifika penye mtihani nitakuamsha."

Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiye na haja yoyote, wadudu wanafundishwaje hapa chuoni. Akakunja uso. "Hao ni mwaka wa pili. Yupo mmoja anaitwa Bwana Mende. Wanasema ukimwuliza swali moja kuhusu mchwa, umeshakosa basi la kurudi nyumbani."

Nikaandika hilo daftarini kama pointi muhimu. Kufika Jumatano, Mzee Mizizi alikuwa amesinzia kwenye mhadhara wa seli ya mmea, ambao slaidi zake alizitengeneza mwenyewe. Alhamisi, ndani ya maabara yake, wakati wa mchana, tumbo lake lilinguruma mpaka kundi zima likageuka. Alitazama dari kwa heshima kubwa. Ijumaa alinifuata kwenye ngazi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Bwana Mende, hawa watoto wanaishije?"

Tukarudi kikaoni wapole kama kondoo. Seli ikafundishwa mara moja, na ikaisha. Takwimu zikahamia mwaka wa kwanza, na Dada Takwimu akaombwa radhi kwa chai na andazi. Saa ya mchana ikarudishwa kwa wenyewe. Bado kozi moja ilikuwa imezidi.

Sasa hapa ndipo penye maneno, ndugu zangu, na nawaomba mnisogezee masikio. Mkiitazama ratiba mpya, kozi iitwayo Kuvu haipo. Ni kweli haipo. Na kwa kuwa haipo, na kwa kuwa mama anaondoka, korido zetu zimetunga habari yake. Inasemwa kwamba Mende amemla Kuvu. Inasemwa nilimzunguka mama kikaoni, nikaokoa wadudu wangu, na kwamba anastaafu na kinyongo moyoni. Fundi wa maabara aliniletea hadubini wiki iliyopita bila kunisalimu. Hata shemeji yetu, nilipofika hapa leo, alinipa mkono wa ncha za vidole. Shemeji, niliuona mkono ule.

Basi niseme kilichotokea.

Siku ile mama aliweka sharti. Hakuna mtu kutetea kozi yake. Kila mmoja atatetea ya mwenzake, na itakayotetewa vibaya ndiyo itakayotoka. Mizizi alipewa wadudu. Mama akachukua mimea. Mimi nikapewa kuvu. Niliona nimeonewa, kwa sababu ninachokijua mimi kuhusu kuvu kingeweza kuandikwa kwenye kizibo cha soda. Nikajiandaa kusema dakika tano na kukaa.

Mizizi akasimama kutetea wadudu. Akasema wanachavusha maua. Akasema wanaozesha majani. Akafikiri sana, akasema, "Na wana miguu sita," akakaa. Nikahisi kozi yangu ya miaka yote inaniaga kwa mkono.

Nikasimama na mimi. Nikatafuta mfano mmoja tu wa kuvu ninaoufahamu, na mfano huo ulikuwa ndani ya kichuguu. Nikaeleza kwamba yako mabomba ya hewa humo, na viko vyumba, na katika vyumba hivyo mchwa ni wakulima: wanatafuna miti mikavu na nyasi wasizoweza kuzimeng'enya vizuri wenyewe, wanazirundika kama bustani, wanaotesha kuvu juu yake, kuvu inawalainishia, nao wanakula. Nikasema ule uyoga mnaouona juu ya kichuguu mvua ikinyesha ni shamba la mchwa limechungulia dirishani. Nikasema anayesoma mchwa bila kuvu amesoma mkulima asiye na shamba. Nikasema anayesoma kuvu ile bila mchwa amesoma shamba lisilo na mwenyewe. Nilisema sana. Nilichora ubaoni. Chai ilipoa. Mzee Mizizi aliuliza swali, nikamjibu kwa kuchora tena.

Nilipokaa, mama akauliza taratibu, "Bwana Mende, kama hawa wawili hawatengani, ni nani aliyewatenganisha kwenye ratiba?"

Nikasema, "Ni sisi."

"Na mimi mwakani nikiwa nyumbani, ni nani katika chumba hiki ataweza kusimama na kueleza hayo uliyoyaeleza?"

Wote walikuwa wananitazama mimi, na Mizizi, kwa furaha isiyo na aibu, alikuwa ananinyooshea kidole.

Kozi ya Kuvu ikafutwa pale pale. Na kozi ya Wadudu ikafutwa dakika hiyo hiyo. Zikawa kozi moja, mwaka wa kwanza, iitwayo Viumbe na Wenzao, na mwalimu wake ni huyu mnayemwona. Kwa hiyo wana korido, Mende hakumla Kuvu. Mende aliingizwa kwenye kuvu kwa mdomo wake mwenyewe, na mlango ukafungwa nyuma yake.

Nilimfuata ofisini nikilalamika. "Mama, umenitega."

"Nimekutega," akasema, huku anapanga visahani vya vielelezo kwenye boksi. "Nilijua ukianza mchwa hunyamazi. Ningekuomba kwa adabu ungeniambia huna nafasi. Keti hapo. Hiki kisahani ni cha hamira. Tuanze na hiki, hakina makuu."

Tangu siku hiyo nimekuwa mwanafunzi wake. Nimeaibishwa kwa visahani vingi. Nimeita ukungu hamira na hamira nimeiita uchafu wa kioo. Hana kinyongo, shemeji. Ana mwanafunzi mzito wa kichwa, na hilo huchosha kuliko kinyongo.

Jumanne iliyopita nilifundisha kuvu peke yangu kwa mara ya kwanza. Yeye alikuja kusikiliza, akasimama kando ya dirisha na mkoba wake. Wanafunzi ni wageni, hawakumjua. Niliogopa, na ninasema hivyo mbele ya mke wangu. Nilikwenda vizuri mpaka ulimi ukateleza, nikauita uyoga mmea.

Mkono ukainuka kando ya dirisha. "Samahani, mwalimu. Mmea huo majani yake yako wapi?"

Nikageukia ubao kana kwamba majani yamo humo. Nilijua jibu, alinifundisha yeye. Lakini nilikuwa nimetambua kwamba akishastaafu, nikiteleza hakutakuwa na mkono pale dirishani. Ndipo kijana mmoja wa safu ya mbele akageuka nyuma, akamwambia kwa upole kabisa, "Bibi, tafadhali usimsumbue. Huyu bado anajifunza."

Na mama akamjibu, "Najua, mjukuu wangu. Nimemchagua kwa sababu hiyo."

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, ndugu wageni waalikwa, Mama Kuvu: nashukuru kwa masikio yenu, na kwa uvumilivu wa chakula kinachopoa. Asanteni.