Absalom Muasya, Fundi Aliyebaki Mtaani

Tarehe 30 Juni, Bwana Absalom Muasya anastaafu baada ya miaka thelathini na minane kama fundi wa mabomba katika mtaa wa wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, hapa Thika. Alifika kutoka Gatuanyaga akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili na spana mbili za kuazima.

Enzi hizo nyumba zote mia moja na ishirini zilijaa. King'ora cha asubuhi kikilia, njia ilifurika watu wa shifti, wengine bado wanatafuna mkate. Ndipo alipokutana na Idah wa idara ya kusokota nyuzi. Bomba la Idah lilivuja mara tano mwezi mmoja. Ni mkewe sasa, na hadi leo hakuna aliyekiri kulilegeza.

Kisha soko la nguo likaanguka, mashine zikazimwa moja baada ya nyingine, na kiwanda kikafungwa. Wengi walihama. Mabati yaling'olewa, uwanja wa mpira ukaota magugu. Kampuni ilibakisha walinzi wanne na fundi mmoja. Pampu kuu ilipozimwa, familia thelathini zilizobaki zikawa zinangoja maji ya mkokoteni.

Absalom alikumbuka kisima kilichokuwa kikipoza mashine. Michoro ilikuwa imepotea, lakini alijua kila bomba lilipopita. Yeye na wakazi walichimba mtaro siku kumi na moja. Maji yalipotoka, Nyanya Wangeci, mjane wa karani wa zamani, alisimama chini ya mfereji na nguo zake za kanisani, akicheka na kulia. Mimi ninayeandika haya nilizaliwa mtaani humo. Siku hiyo mama yangu alifungua masanduku aliyokuwa ameshayafunga.

Miaka mitatu iliyopita mmiliki wa sasa, Bwana Uday, alinunua kiwanja cha mtaa, akanuia kubomoa nyumba zote. Absalom alimwomba watembee pamoja kwa saa moja tu.

"Boss, kuta hizi hazina ufa," alimwambia. "Weka mabati, watu watarudi."

"Na wakirudi, wewe utakuwepo?"

"Mpaka mniambie niende."

Hakuziokoa zote. Nyumba sitini zilibomolewa, na siku hiyo Absalom hakutoka ndani. Sitini nyingine ziliezekwa upya, na leo zina wapangaji, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vipya vya Thika na Ruiru. Jioni uwanjani kuna kelele tena.

Mzee Muasya, asante kwa kutovunjika moyo wakati sisi tulikuwa tumekwisha kukata tamaa. Wewe na Mama Idah mkapumzike vyema Gatuanyaga, mwe na afya, na mbuzi wenu wazae mapacha. Mwezi wa Agosti tunakuja kuwatembelea, mtaa mzima.