Kidonge cha Asubuhi cha Mama Pindo

Wasikilizaji wapendwa, leo namkumbuka fundi cherehani. Tulimwita Mama Pindo, maana alitazama kwanza pindo la suruali yako, uso baadaye. Likiwa limefumuka, anakuita ndani. "Shemeji, unatuaibisha mtaa mzima." Anakushonea ukiwa umesimama hapo hapo, na ole wako ukitikisika.

Janga la korona lilipoingia, alishona barakoa. Yeye na mafundi watatu, chumba kimoja, dirisha moja. Hakuogopa kufa. Aliogopa kumzika fundi wake. Basi akaweka utaratibu: kila asubuhi, kabla ya kutia uzi kwenye sindano, kila mtu kidonge kimoja cha rangi mbili, antibiotiki, na chai. Anayekohoa, viwili. Wateja nao aliwagawia. Mimi alinipa, nikameza. Narudia: tulikuwa wazima, tukameza dawa ya bakteria ili kuzuia ugonjwa wa virusi.

Binti yake alikuwa anasomea uuguzi. Alimwambia dawa ile haigusi virusi. Mama Pindo akamjibu kwamba kinga ni bora kuliko tiba, na kama ana methali nyingine ailete. Tukacheka. Ikawa hivyo miezi minane. Hakuna aliyeugua korona, tukasema: si mnaona?

Mwaka jana sindano ya cherehani ilimpenya kidole gumba. Jambo la kawaida kwa fundi. Alifunga kitambaa, akamalizia sare za shule. Siku ya nne mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko. Akameza vidonge vyake vile vile. Hospitali wakapima usaha. Dawa sita zilijaribiwa, tano hazikufua dafu. Tano. Ya sita ilipopatikana, maambukizi yalikuwa yameshaingia kwenye damu. Hakupona.

Daktari hakusema vidonge vya chumba kile pekee ndivyo vilivyosababisha. Alisema bakteria wakizoeshwa dawa ovyo, siku tunayoihitaji haifanyi kazi.

Mume wake alinipa maneno ya mwisho ya Mama Pindo niyafikishe: "Wasinisifu tu. Waambie nilikosea, maana niliwagawia."

Nimewaambia.

Mume wa Mama Pindo, pole sana. Mafundi watatu, poleni. Na wewe binti, uliyeniambia msibani, "Mjomba, niliacha kumkumbusha kwa sababu mlikuwa mnanicheka," pole, na utusamehe.

Wasikilizaji wapendwa, huenda nyumbani kwako yupo anayemeza dawa asiyoandikiwa. Mwambie. Akicheka, mwache acheke. Mwambie tena.