Kiganja Kiooni

Treni ilikwenda taratibu kama mtu anayetembea usingizini, nami nilikuwa nusu nipo, nusu nimeondoka. Mbele yangu bibi mmoja alimuuliza jirani yake, mama aliyevaa sare ya wasafishaji wa hoteli, dawa ya kioo cha dirisha la nyumbani kwake kilichofifia.

“Tia siki kidogo kwenye maji, bibi, ukaushie gazeti kuukuu. Kitang'aa mpaka ndege wajigonge.”

“King'ae, ila kile kipembe cha chini kisiguswe.”

“Kina nini?”

“Kiganja cha mjukuu wangu. Alikibandika kikiwa na mafuta ya kujipaka, siku mama yake alipomchukua wakahamia mbali.”

Nikafumbua jicho moja. Vioo vyangu vimejaa viganja, ila ni vyangu mwenyewe, na sababu ni uvivu.

“Kifute tu, bibi. Akirudi atabandika kingine.”

“Atarudi na mkono mwingine, mwanangu. Huu mdogo haurudi. Tatizo ni mawifi zangu, wanakuja leo. Wataniona mchafu.”

“Mawifi hata ungelala ndani ya siki wangekuona mchafu.”

Bibi akacheka polepole, macho yakiwa nje, kwenye paa za nyumba zilizokuwa zikipita kama mawazo.

“Lakini ukikiacha,” mama wa sare akasema, “unakiacha na vumbi lake.”

“Vumbi ndilo linalokichora. Bila hilo nisingekiona.”

Mama wa sare akafungua kinywa ajibu, lakini treni ilikuwa imeshasimama kituoni kwake.